Mabano mawili yaliyomponza muuguzi

Julai ya Mafinga haina mzaha. Jua likishatua nyuma ya misitu ya misonobari, baridi huingia ndani bila kupiga hodi, na watu huvaa masweta hata wakiwa mezani. Usiku mmoja wa mwezi huo, katika nyumba iliyo jirani na barabara kuu iendayo Mbeya, bibi alikuwa akizunguka sebuleni na mjukuu wa miezi saba mgongoni, amemfunga kwa khanga mbili na blanketi juu yake. Mezani, binti yake, mama wa mtoto huyo, alikuwa ameinamia kompyuta mpakato tangu saa mbili.

"Bado hizo nyota tu?" bibi aliuliza.

"Bado, mama. Zimebaki kurasa nne."

"Na mimi niliyewaambia majirani kuwa mwanangu amesomea kompyuta. Kumbe amesomea kutoa nyota na kuweka nyota."

Binti alicheka, lakini neno lile lilimchoma kidogo. Kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza. Fundi seremala huonyesha kitanda, fundi cherehani huonyesha gauni. Yeye akishamaliza, ukurasa huonekana kama ulivyopaswa kuwa tangu mwanzo, na hakuna anayejua kwamba kuna mtu alikesha hapo.

Mama na binti hawa hawakutaka majina yao yaandikwe, na sababu yake itaonekana mbele.

Bibi ni muuguzi mkunga mstaafu. Alifanya kazi zaidi ya miaka 30 katika zahanati na vituo vya afya vya Mufindi, na kila mwisho wa mwezi alijumlisha kwa mkono vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: kitabu cha 6 cha wajawazito, kitabu cha 7 cha watoto, na vingine. Binti alisomea mifumo ya kompyuta chuo kikuu. Alirudi kwao kujifungua kwa sababu mumewe ni dereva wa lori la mbao, na siku nyingi yuko njiani. Akiwa bado ananyonyesha alipata kibarua cha miezi mitatu cha kufanyia nyumbani: kuhamishia mtandaoni mwongozo wa programu ambayo baadhi ya zahanati hutumia kuingiza takwimu za chanjo, na kusahihisha makosa ya alama yaliyojaa ndani yake. Hela ya kibarua hicho ndiyo iliyokuwa ikinunua mkaa, sabuni na maziwa. Aliahidiwa pia kwamba kazi ikienda vizuri, mkataba ungeongezwa.

Alama zisizoonekana

Kila ukurasa unaousoma kwenye simu una sura mbili. Moja ni hii unayoiona: vichwa vilivyokolezwa, aya, orodha zenye namba, picha. Nyingine imejificha nyuma. Ni maneno yale yale yakiwa yamechanganywa na alama zinazoiambia simu: hapa koleza, hapa anza hatua ya pili, hapa weka jedwali. Desturi hiyo ilitoka kwenye viwanda vya uchapaji, ambako mhariri alichora alama kwa kalamu juu ya karatasi ili mpanga herufi ajue neno lipi likolezwe na lipi liwe la herufi za mlazo.

Kompyuta zilirithi desturi hiyo. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, alibuni HTML, lugha ya alama ambayo kurasa za intaneti huitumia mpaka leo. Watu wa nje ya kituo hicho walianza kuzifikia kurasa hizo mwaka 1991. HTML huweka amri zake ndani ya mabano yaliyochongoka kama ncha za mshale. Mwaka 2004, Mmarekani John Gruber alitoa njia nyepesi zaidi iitwayo Markdown, ambayo hutumia nyota: nyota mbili kila upande wa neno hulikoleza, nyota moja kila upande hulilaza. Mzazi aliyewahi kuzungushia neno nyota kwenye WhatsApp ili likolee ameshafanya kazi ya namna hiyo, hata kama hakujua.

Shida ni kwamba kompyuta haijui nia ya mwandishi. Inaona alama tu. Usiku ule binti alimwita mama yake amwonyeshe. Aliandika dozi kama watu wengine wanavyoichapa kwa haraka, kwa kutumia nyota badala ya alama ya mara: moja, nyota, tatu, nyota, tano. Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Kisha akabonyeza kuona ukurasa utakavyotokea kwa msomaji.

Nyota zote mbili zilikuwa zimepotea. Kompyuta ilidhani ameomba namba tatu ilazwe, ikailaza. Kilichobaki kwenye skrini kilikuwa 135.

Bibi alisogea karibu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena.

"Vidonge mia moja thelathini na tano," alisema polepole.

Hakutania tena kuhusu nyota usiku ule.

Simu ya asubuhi

Wiki moja baadaye, simu ya bibi iliita mapema. Aliyepiga ni muuguzi kijana wa zahanati moja ya vijijini, ambaye bibi alimfundisha kazi kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Muuguzi alieleza. Mwanzoni mwa Julai aliingiza kwenye programu takwimu za chanjo za Juni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuifanya kazi hiyo peke yake, hivyo alifuata mwongozo mpya neno kwa neno. Sasa ameitwa. Kwenye mfumo, zahanati yake inaonekana haikuchanja mtoto hata mmoja mwezi Juni. Watoto wa Penta ya tatu waliofikisha wiki 14, watoto wa miezi tisa waliochanjwa surua na rubella, wote wamesomeka ndani ya Julai. Mkubwa wake anataka barua ya kujieleza ifikapo Ijumaa: je, Juni hakufungua kliniki, au amepika takwimu?

"Mama, nilichanja. Kitabu kinaonyesha, kadi za watoto zinaonyesha. Mimi nimefuata mwongozo. Umeandikwa 'Chagua', halafu kuna nafasi tupu, halafu 'kisha bonyeza Hifadhi'. Nikachagua mwezi niliokuwemo. Ningejuaje?"

Bibi alikuwa ameweka sauti ya simu juu, kama wafanyavyo watu wengi wa umri wake. Binti alikuwa jikoni akimkorogea mtoto uji. Aliposikia "nafasi tupu", mwiko ulisimama kwenye sufuria.

Aliijua nafasi ile. Kwenye mwongozo wa awali, mwandishi alikuwa ameweka maneno "mwezi wa huduma" ndani ya mabano yaliyochongoka, kama miongozo mingi ifanyavyo ikitaka kumwambia msomaji: hapa weka cha kwako. Binti alipouhamishia mtandaoni, aliyaacha mabano vile vile. Simu na kompyuta zikayaona, zikadhani ni amri ya HTML. Amri yenyewe hazikuitambua, na amri isiyotambulika haionyeshwi kwa msomaji. Maneno matatu yakamezwa pamoja na mabano yake. Hakuna onyo lililotokea, na ukurasa ulionekana safi kabisa.

Yeye mwenyewe alikuwa ameusoma mara mbili kabla ya kuutuma. Hakuona pengo kwa sababu alijua kinachotakiwa kuwepo pale, na akili yake ikakijaza. Muuguzi wa kijijini hakujua, na ndiye mwongozo uliyeandikwa kwa ajili yake.

Mstari mmoja, saini na tarehe

Binti alikuwa na njia rahisi. Angeweza kufungua ukurasa, kurudisha maneno matatu, na kufunga. Dakika moja. Muuguzi angeandika barua yake, angepewa onyo, na siku zingesonga. Mkataba wa kibarua ulikuwa umebakiza wiki tatu, na ilikuwa wiki mbaya ya kujitangaza kuwa umekosea.

Mchana ulipita bila yeye kusema kitu. Jioni, mtoto akiwa amelala, alimfuata mama yake aliyekuwa akichambua maharage.

"Mama, ule ukurasa niliutengeneza mimi."

Bibi aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha aliweka ungo pembeni, akaingia chumbani, akarudi na daftari kuukuu la mazoezi alilokuwa akilitumia kuwaelekeza wauguzi wapya. Akafungua ukurasa wenye safu za tarakimu. Katikati kulikuwa na namba iliyopigwa mstari mmoja, juu yake namba nyingine, na pembeni herufi mbili za jina na tarehe.

"Sisi kwenye kitabu hatufuti," alisema. "Hatupaki ile rangi nyeupe, hatuchani karatasi. Unapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unaandika namba iliyo sawa juu yake, unatia saini na tarehe. Unajua kwa nini?"

"Ili ijulikane nani kakosea?"

"Ili mwingine asibebe kosa lako."

Binti alilijua jambo hilo kwa njia nyingine. Akiwa chuoni alijifunza kazi hii kwa kusahihisha miongozo ya DHIS2, mfumo wa kompyuta ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za afya. Mfumo huo ulitokana na mradi wa HISP ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na leo unatumika katika zaidi ya nchi 70. Hapa nchini ulikuwa umeenea mikoa yote kufikia mwishoni mwa 2013, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa siku nyingi. Miongozo ya DHIS2 huandikwa kwa Markdown na imewekwa wazi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupendekeza sahihisho. Kila sahihisho likikubaliwa hubaki kwenye kumbukumbu: mstari wa zamani, mstari mpya, jina la aliyebadilisha, tarehe na sababu. Sahihisho lake la kwanza lilikuwa la mstari wa vistari uliokosekana kwenye jedwali, hata safu zote zikawa zimemwagika kama maharage. Alilifurahia siku nzima. Hakuwahi kufikiri kwamba desturi ile ndiyo ya mama yake na vitabu vyake vya zahanati.

Usiku ule alisahihisha. Hakurudisha mabano. Aliandika sentensi kamili: "Chagua mwezi ambao huduma ilitolewa, si mwezi unaoingizia takwimu." Kwenye nafasi ya sababu aliandika kwamba maelezo ya mwezi yalikosekana tangu ukurasa uwekwe, kwamba kosa ni lake, na kwamba aliyeufuata ukurasa huo kabla ya siku ile huenda alichagua mwezi usio sahihi. Kisha akaiambia kompyuta itafute mabano ya aina hiyo katika mwongozo mzima. Yalikuwepo mahali pengine sita. Mengi hayakuwa na madhara, lakini moja lilikuwa limemeza umri wa mtoto.

Asubuhi alimpigia aliyempa kazi. Mikono ilikuwa na baridi, na haikuwa ya Julai peke yake. Alituma picha ya ukurasa kabla ya kusahihishwa na baada ya kusahihishwa, na nakala akampa muuguzi aambatanishe na barua yake.

Muuguzi hakupewa onyo. Takwimu zake zilihamishiwa Juni. Ujumbe ulitumwa kwa zahanati nyingine zilizokuwa zikitumia mwongozo ule, na ikaonekana kuwa mbili kati yake zilikosea vile vile bila mtu kugundua, kwa sababu hazikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kuhusu mkataba, jibu lilichelewa wiki mbili. Uliongezwa kwa mwezi mmoja, si mitatu kama alivyotarajia, na kwa sharti kwamba kila ukurasa usomwe na mtu wa pili kabla haujawekwa.

Kwa mzazi mwenye simu mkononi

Mzazi anaweza kuuliza mambo haya ya mabano yanamhusu nini. Yanamhusu. Chanjo huagizwa kwa kufuata hesabu ya watoto waliochanjwa na dozi zilizotumika. Mwezi mmoja ukisomeka sifuri na unaofuata ukisomeka mara mbili, anayepanga mgawo anaona picha isiyo ya kweli. Anaweza kutafuta tatizo kijiji kisichokuwa nalo, na kupita bila kusimama kwenye kijiji chenye watoto ambao kweli hawajachanjwa.

Kinga ya kwanza ya mtoto wako dhidi ya makosa hayo ni kadi yake ya kliniki. Kabla ya kuondoka, ifungue pale pale uone kama tarehe imeandikwa mbele ya kila chanjo aliyopewa. Penta hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua na rubella hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Nafasi ikiwa tupu, uliza kwa upole: "Sista, hii ya leo imeandikwa?" Hakuna muuguzi mzuri anayekasirika kwa swali hilo. Kadi hiyo ndiyo iliyomsaidia muuguzi wa habari hii kuthibitisha kwamba alifanya kazi yake. Ikitunzwa vizuri, humsaidia mtoto na humlinda pia aliyemchanja.

Bahasha ya dawa nayo ni maandishi ya alama. 1x3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. 2x1 ni viwili mara moja. Namba zikigeuzwa, dozi imegeuka. Usiondoke dirishani kabla hujarudia kwa maneno yako mwenyewe: "Nimpe kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kwa siku tano, sivyo?" Mtoa dawa akisema ndivyo, nenda. Na dozi ya mtoto isifuatwe kutoka kwenye ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la simu. Mbali na kwamba hujui nani aliuandika, namba hunakiliwa na kubandikwa mara nyingi njiani, na umeshaona nyota mbili zinavyoweza kufanya moja, tatu na tano kuwa 135.

La mwisho ni la nyumbani zaidi. Siku mtoto wako, awe wa miaka saba au wa 27, atakapokuja kukuambia "nimekosea mimi", jibu utakalompa siku hiyo ndilo litakaloamua kama atakuja tena. Bibi wa Mafinga hakumgombeza binti yake, na hakumwambia kuwa si kitu. Alimletea daftari.

Siku hizi bibi ndiye mtu wa pili. Kila jioni, binti humtumia ukurasa kwenye simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni, kwa sababu simu za zahanati nyingi ndivyo zilivyo. Bibi husoma kwa sauti na kufanya kile tu ukurasa unachosema, hata kama anajua njia fupi. Binti akitaka kumweleza, humkatiza.

"Usiniambie wewe. Nataka uniambie ukurasa."

Juzi alifika katikati, akasimama, akarudi juu, akashuka tena.

"Mwanangu, hapa nimefanya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikaja picha. Baada ya picha narudi tena hatua ya kwanza. Ndivyo?"

Haikuwa ndivyo. Mstari wa picha ulikosa nafasi chache mbele yake, orodha ikakatika pale, na namba zikaanza upya. Binti alikuwa ameupita ukurasa huo mara tatu bila kuona.

Alivuta kiti, akakaa karibu na mama yake. "Nionyeshe wapi, mama," alisema.